Pembe Hii Ilitoka kwa Tembo wa Wapi?

Mtu wa Dodoma akionyeshwa picha ya kisanduku cha pembe za ndovu kilichochongwa Constantinople miaka elfu moja iliyopita, ataisifu nakshi, ataulizia thamani yake, kisha atauliza jambo ambalo vitabu vingi vya sanaa hulipita haraka. Tembo mwenyewe alikuwa wa wapi? Ulaya haina tembo. Uturuki haina tembo. Je, alitoka kwetu?

Swali hili lina uzito wake likiulizwa Dodoma. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba zamani tembo alikwenda kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa matopeni na kuanza kuzama. Waliomwona wakasema "idodomya", yaani amezama, na mahali pale pakabaki na jina hilo. Ipo simulizi nyingine, ya ng'ombe walioibwa na kuliwa, mikia yao ikachomekwa ardhini ili wenye mali waamini kwamba mifugo imedidimia. Zote mbili zinahusu kuzama. Katika mojawapo, anayezama ni tembo.

Sura hii inalijibu swali hilo hatua kwa hatua. Inaanza na kisanduku kimoja kilichotazamwa kwa karibu, inaeleza namna ya kutambua pembe na mfupa, kisha inazifuata njia zilizopitishwa pembe, kutoka Bahari ya Shamu hadi visima vya Ugogo, nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma.

Kisanduku kutoka Veroli

Kwanza, neno lenyewe. Bizanti ni jina ambalo wanahistoria wameipa Milki ya Roma ya Mashariki, dola ya Kikristo iliyotawaliwa kutoka Constantinople, mji unaoitwa leo Istanbul. Mji huo ulizinduliwa kuwa makao ya mfalme mwaka 330, na dola ikaanguka mwaka 1453 mikononi mwa Waturuki wa Osmani. Kwa miaka elfu na zaidi, mafundi wa huko walichonga vitu vidogo vya thamani: picha za watakatifu za kuweka mezani, majalada ya vitabu vya ibada, vitana na masanduku ya vito.

Kimoja cha vitu hivyo kipo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Kinaitwa Kisanduku cha Veroli, kwa sababu kilihifadhiwa katika hazina ya kanisa kuu la Veroli, mji ulio kusini mashariki ya Roma, kabla ya makumbusho kukipata mwaka 1865. Kilitengenezwa Constantinople katika karne ya 10. Urefu wake ni sentimita 40 hivi, pungufu kidogo ya dhiraa moja, na kimo chake ni sentimita 11 na nusu. Mtu angeweza kukibeba kwapani.

Ndani ni mbao. Juu ya mbao yamebandikwa mabamba membamba yaliyochongwa, na pembezoni mwa kila picha kuna ukanda wa maua ya duara yaliyopangwa sawasawa, moja baada ya jingine. Ukanda huo utamkumbusha msomaji nakshi za milango ya Unguja na Lamu, ambako ua moja hurudiwa kuanzia juu ya mlango hadi chini. Picha zenyewe hazina watakatifu. Ni hadithi za kale za Wayunani: binti Europa akichukuliwa na fahali, Bellerophon na farasi wake mwenye mabawa, watoto wanene wakicheza na wanyama. Hadithi hizo za kabla ya Ukristo ziliendelea kupendwa katika nyumba za wakubwa wa Kikristo, kama ambavyo hadithi za sungura na fisi zinavyosimuliwa hadi leo katika nyumba za waumini.

Ukikisogelea kioo, utaona mabaki ya rangi na dhahabu kwenye mikunjo ya nguo. Weupe tunaouona leo ni kazi ya muda. Kisanduku kilipokuwa kipya, sehemu zake zilimetameta kwa dhahabu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo picha haionyeshi. Mabamba ya kisanduku hiki ni ya namna mbili. Mengine ni ya pembe, mengine ni ya mfupa. Fundi aliyemhudumia mteja tajiri alichanganya mali ya gharama kubwa na mali iliyopatikana kwa kila mchinjaji.

Pembe ni jino

Kiswahili kinasema pembe za ndovu, lakini kwa maumbile hizo ni meno. Pembe ya ng'ombe, mbuzi au swala huota juu ya kichwa, na gamba lake la nje ni la jamii moja na kucha. Pembe ya tembo ni jino la mbele la taya la juu ambalo haliachi kukua maisha yote ya mnyama. Karibu theluthi moja yake imefichwa ndani ya fuvu, na sehemu hiyo ina uwazi wenye nyama laini, mishipa ya damu na ya fahamu. Ndiyo sababu pembe haiwezi kuchomolewa nzima kwa tembo aliye hai. Anayetaka pembe yote humuua tembo.

Wafanyabiashara wa pwani walizijua pembe kwa ukubwa na ubora, wakazipa majina. Pembe kubwa iliitwa buri, na ndogo iliitwa kalasha. Kipusa kilikuwa cha kifaru, na hakikuwekwa fungu moja na pembe za ndovu.

Mfupa ni kitu kingine. Yeyote aliyewahi kunywa supu ya makongoro asubuhi karibu na Soko la Majengo, Dodoma, anaujua kwa ulimi na kwa macho. Mfupa wa mguu wa ng'ombe ni bomba. Nje ni mgumu, ndani una uloto, na ukivunjika huonyesha ukuta usio mnene. Mfupa wa kuchongwa zamani ulitoka kwa wanyama hao hao wa kawaida, ng'ombe na farasi, kwa hiyo ulikuwa rahisi kupatikana kila mahali palipo na machinjio.

Watunzaji wa makumbusho hutofautisha vitu hivi kwa kuangalia, wakitumia kioo cha kukuza na taa. Wanachotafuta ni hiki:

1. *Vitundu.* Mfupa ulio hai hupitiwa na vijishipa vya damu. Ukikauka, njia zake hubaki kama nukta au vistari vidogo vyeusi, kwa sababu uchafu huingia humo. Pembe ya tembo haina nukta hizo.

2. *Mistari inayokatizana.* Pembe ikikatwa kwa upana, mahali pa mkato huonekana mistari iliyopinda inayopishana, kama ukili uliosukwa. Huitwa mistari ya Schreger, kwa jina la mtaalamu wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1800. Mfupa hauna mistari hii.

3. *Upana wa pembe za mistari hiyo.* Kwa tembo wa leo, karibu na ngozi ya jino, mistari hukutana kwa uwazi mpana, zaidi ya nyuzi 115 kwa wastani. Kwa mamothi, wale tembo wenye manyoya waliotoweka, hukutana kwa uwazi mwembamba wa chini ya nyuzi 90. Kwa kipimo hicho, maofisa wa forodha hutambua pembe mpya inayouzwa kwa jina la mali ya kale.

4. *Umbo na unene.* Bamba la mfupa ni jembamba na la upana mdogo, kwa sababu ukuta wa mfupa wenyewe ni mwembamba. Nyuma yake mara nyingi hubaki alama za sehemu yenye matundu kama sifongo iliyopakana na uloto.

5. *Jino la kiboko.* Hili nalo ni jeupe na gumu, lakini mistari yake ni myembamba, imebanana, na inafuata umbo la jino badala ya kukatizana.

Wapo wanaojaribu kwa sindano ya moto. Watunzaji hawafanyi hivyo, kwa kuwa sindano huacha tundu la kudumu katika kitu kisicho na mfano wake.

*Kwa ufupi:* pembe ni jino zito lenye mistari inayopishana. Mfupa ni bomba lenye nukta. Kisanduku kimoja kinaweza kuwa na vyote viwili, na kila kimoja kina historia yake. Mfupa ulipatikana mjini. Pembe ilisafiri.

Ukubwa wa jino, ukubwa wa picha

Msomaji anayetembelea makumbusho hujiuliza pia kwa nini kazi hizi ni ndogo mno. Jibu limo katika jino lenyewe.

Tuseme fundi amepewa pembe nene yenye kipenyo cha sentimita 15. Upande wa shina una uwazi, kwa hiyo hapo atapata mapande yaliyopinda tu, yanayofaa masanduku ya duara. Upande wa ncha umekuwa mwembamba mno, utafaa kishikio cha kisu au kete. Kilichobaki ni sehemu ya katikati. Akiipasua kwa urefu kwa msumeno, bamba pana kuliko yote litapita katikati kabisa ya jino, na mabamba yatakayofuata yatakuwa membamba zaidi na zaidi, kama mbao zinazopasuliwa kwenye gogo.

Ndiyo maana bamba la malaika mkuu lililoko British Museum linashangaza kila anayeijua kazi hii. Lilichongwa Constantinople kati ya mwaka 525 na 550. Lina urefu wa karibu sentimita 43 na upana wa zaidi ya sentimita 14, na ni miongoni mwa mabamba makubwa kabisa ya Bizanti yaliyosalia. Malaika amesimama kwenye ngazi, ameshika fimbo mkono mmoja na tufe lenye msalaba mkono wa pili. Maandishi ya Kiyunani yaliyo juu yake yanakatika katikati ya sentensi, kwa sababu sentensi iliendelea kwenye bamba la pili, na bamba hilo limepotea. Yalikuwa mabamba mawili yaliyounganishwa kwa bawaba na kufungwa kama kitabu.

Bamba la ukubwa huo lilihitaji tembo dume mkubwa sana. Tembo wa Asia, hasa jike, huwa na pembe ndogo au hana kabisa. Kwa tembo wa Afrika, dume na jike wote kwa kawaida wana pembe, na za dume huwa nene. Hapo swali la mtu wa Dodoma linaanza kupata jibu. Ni vigumu kulieleza bamba la malaika bila Afrika.

Njia ya kaskazini: Adulis

Afrika ipi, basi? Kwa karne ya 6, maandishi yanaelekeza kwenye Bahari ya Shamu.

Mfanyabiashara mmoja wa Alexandria, aliyekuja kujulikana kama Cosmas Indicopleustes, maana yake aliyesafiri baharini hadi India, aliandika katikati ya karne hiyo kwamba Ethiopia ina tembo wengi wenye pembe kubwa, na kwamba pembe hizo hupakiwa merikebuni kwenda India, Uajemi, Yemen na nchi za Warumi. Bandari yake ilikuwa Adulis, katika Eritrea ya leo, chini ya dola ya Aksum. Kutoka Adulis hadi Misri ni safari ya bahari moja, na Misri wakati huo ilikuwa jimbo la Bizanti. Mbeba pembe hakulazimika kuuvuka mpaka wa adui.

Je, pwani yetu haikuwapo katika biashara hiyo? Ilikuwapo. Karne tano kabla ya Cosmas, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani huko Misri, unaojulikana kama Mwongozo wa Bahari ya Eritrea, uliutaja mji wa Rhapta, ambao wanahistoria wengi huuweka kwenye pwani ya Tanzania. Unasema pembe za ndovu zilisafirishwa kutoka huko kwa wingi, ingawa hazikufikia ubora wa zile za Adulis. Unataja pia vipusa na magamba ya kasa. Na unaeleza kwamba jina la mji lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Watu wa pwani wanavijua vyombo vya namna hiyo kwa jina la mtepe.

Njia ya mashariki: nchi ya Zanji

Mambo yalibadilika. Katika karne ya 7 Bizanti iliipoteza Misri kwa Waarabu, na Adulis ikafifia. Tena ndani ya Bizanti kukazuka mgogoro mkubwa kuhusu picha takatifu, uliokwisha mwaka 843. Kazi ya kuchonga pembe ilipungua sana. Ilipochanua tena katika karne ya 10, wakati wa Kisanduku cha Veroli, ramani ya biashara ilikuwa nyingine.

Sasa wauzaji wakubwa walikuwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambayo Waarabu waliiita nchi ya Zanji. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, alisafiri kwenye pwani hii, na safari yake ya mwisho huku ilikuwa mwaka 916. Ameacha habari iliyo wazi kuhusu pembe: zilitoka Zanji zikaenda Oman, na kutoka Oman zikapelekwa India na China. Huko China wakubwa walizitumia kwenye machela zao, na India zikafanywa vishikio vya majambia na kete za sataranji. Anaongeza kwamba kama si mkondo huo wa kwenda mashariki, pembe zingekuwa tele katika nchi za Kiislamu.

Maneno hayo yanaonyesha sehemu kubwa ya mali ilielekea wapi. Yanaonyesha pia kwamba pembe iliyofika Bahari ya Kati katika karne hiyo ilikuwa ile iliyochepushwa kutoka kwenye mkondo mkubwa. Ilikuwa adimu, na ilikuwa ghali. Fundi wa Kisanduku cha Veroli aliyejaza nafasi kwa mfupa alikuwa na sababu.

*Kwa ufupi:* bamba la malaika la karne ya 6 linaelekea Adulis. Kwa kisanduku cha karne ya 10, pwani ya Zanji inaingia katika hesabu kwa nguvu, maana ndiyo iliyokuwa ikilisha soko la Bahari ya Hindi.

Ugogo, lango la misafara

Vipi kuhusu uwanda wa kati wa Tanzania, ulipo Ugogo wenyewe? Hapa msomaji anastahili kuambiwa ukweli bila kuupamba. Njia kubwa ya pembe iliyopita Ugogo inajulikana vizuri kwa karne ya 19. Wakati huo Bizanti ilikuwa imekufa kwa miaka kama mia nne, na pembe zilizopita Mpwapwa na Kanyenye, vituo vya njia hiyo, zilikuwa zikienda kwingine.

Msafara uliotoka Tabora kwenda Bagamoyo ulitembea zaidi ya kilometa 800. Kwanza ulipenya Mgunda Mkali, vichaka vikavu vya magharibi ya Ugogo. Kisha ukaingia Ugogo wenyewe, ambako kulikuwa na mtama, uwele, mifugo na visima. Ukitoka huko, kabla ya kufika Mpwapwa, ulikabili Marenga Mkali, mbuga isiyo na maji ya kutegemewa, ambayo jina lake lina maana ya maji makali. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mwenye kisima kati ya nyika mbili ndiye aliyekuwa na kauli.

Ndipo ilipo asili ya hongo. Leo neno hili lina maana ya rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa malipo ya wazi ya kupita katika nchi ya mtu na kutumia maji yake. Ililipwa kwa nguo za merikani zilizofumwa Marekani, kaniki za buluu kutoka India, shanga na nyaya za shaba. Ugogo haukuwa na mfalme mmoja. Kila mtemi alikuwa na eneo lake, kwa hiyo msafara ulilipa, ukatembea siku chache, ukalipa tena. Mtemi Magomba wa Kanyenye alipokea hongo ya msafiri Mwingereza Richard Burton mwaka 1857, na msafiri mwingine, Henry Stanley, alipopita mwaka 1871 alilipa pia huko Kanyenye. Wageni hao walilalamika sana vitabuni. Kwa Wagogo, waliokuwa na maji ya kuwatosha wao na ng'ombe wao tu, msafara wa watu mamia kadhaa haukuwa jambo dogo.

Burton ameeleza wabeba pembe walivyotembea, na maelezo yake yanatuwezesha kuwaona. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, ambao walijiona wa daraja la juu kuliko wabeba nguo na shanga. Kila mmoja aliweka pembe begani, ncha ikitangulia, na kwenye ncha hiyo ilifungwa kengele ya ng'ombe. Kwenye shina, nyuma ya mgongo, alining'iniza vitu vyake mwenyewe. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Buri iliyozidi hapo ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili. Kijiji kilisikia kengele kabla ya kuuona msafara.

Wengi wa wabebaji hao walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa ujira waliojivunia kazi yao. Watu waliotekwa na kuuzwa nao waliletwa pwani kwa njia hiyo hiyo, na matajiri wengi wa pembe walifanya biashara zote mbili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ni mmoja wao. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili, na hadi leo zinasomwa na watafiti wa njia hizo.

Pembe hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilipitia Unguja. Nyingine zilikwenda Bombay, yaani Mumbai ya leo, na Kutch zikawa bangili za maharusi. Nyingine zilikwenda Uingereza. Na nyingine zilivuka Atlantiki hadi jimbo la Connecticut, Marekani, ambako kijiji kizima kiliitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe, kwa ajili ya viwanda vyake vya vitana na vibao vyeupe vya piano. Pembe iliyochukua miaka arobaini kukua ilipasuliwa vipande vyembamba sana.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kengele za wapagazi zikanyamaza.

Pembe iliyobaki nyumbani

Si kila pembe iliondoka. Katika makumbusho ya Lamu ipo Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu la karne ya 17. Ina urefu wa zaidi ya mita mbili, kwa hiyo isingeweza kutoka katika jino moja. Mafundi waliunga mapande, wakaichora nakshi za kamba zilizofumana, na kuitoboa tundu la kupulizia ubavuni badala ya mwishoni.

Fundi wa Pate na fundi wa Constantinople walikabiliwa na tatizo lile lile: jino halitoshi. Wa Constantinople alilifumbua kwa mabamba madogo juu ya mbao. Wa Pate alilifumbua kwa kuunganisha. Tofauti ni matumizi. Kisanduku kilifunguliwa chumbani na mtu mmoja. Siwa ilipulizwa hadharani katika harusi za wakubwa na katika sherehe za utawala, na haki ya kuipuliza haikuwa ya kila mtu.

Uwanda wa kati nao una kumbukumbu yake ya tembo, iliyo ya kale kuliko siwa. Katika mawe ya Kolo na vijiji jirani wilayani Kondoa, eneo lililoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna michoro myekundu ya watu, twiga, swala na tembo. Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono mwaka 1951. Waliochora hawakuwa wanauza pembe. Walichora mnyama mzima, kwa mstari wa mgongo na mkonga, kwenye mwamba ambao ungali ukitembelewa na watu wa vijiji vya karibu kwa matambiko.

Swali hilo hilo, maabarani

Leo lipo jibu ambalo Burton na Al-Masudi wasingeweza kulitoa. Pembe hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi alama za majani na maji ambayo tembo alikula na kunywa. Udongo wa kila nchi una alama zake. Zaidi ya hapo, ndani ya pembe kuna vinasaba, yaani maagizo ya urithi yaliyomo katika kila chembe hai, na vinasaba vya tembo wa eneo moja hutofautiana na vya eneo jingine.

Mtafiti Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake waliutumia ukweli huo kwa namna rahisi kuieleza. Walikusanya kinyesi cha tembo kutoka sehemu nyingi za Afrika, wakachora ramani ya vinasaba, kisha wakalinganisha na pembe zilizokamatwa bandarini. Matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa nyika zilizokamatwa katika miaka iliyotangulia ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na kwamba baadaye majangili walisogea kuelekea Ruaha na Rungwa, yaani ukingoni mwa uwanda huu wa kati.

Sensa ilisema vivyo hivyo. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo takriban 109,000. Mwaka 2014 walibaki takriban 43,000. Biashara ya kimataifa ya pembe ilikuwa imekwishapigwa marufuku tangu makubaliano ya mwaka 1989, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inampa adhabu kali anayekutwa na nyara bila kibali. Kwa hiyo swali la "tembo wa wapi?" limetoka kwenye udadisi wa sanaa, limeingia kwenye kazi ya wapelelezi.

Linapaswa kuingia pia kwenye makumbusho. Kadi iliyo mbele ya kazi ya Bizanti kwa kawaida hutaja mji, karne, na kama ni pembe au mfupa. Mstari mmoja zaidi ungetosha kumtaja mnyama, bara lake, na bandari ambazo pembe zilipitia katika karne hiyo. Habari hizo zipo, na mgeni kutoka Afrika anayesimama mbele ya kioo huzitafuta kwanza.

Basi mtu wa Dodoma akiuliza tena, jibu la kumpa ni hili. Mfupa ulio kwenye kisanduku cha Veroli ulitoka kwa mnyama wa kawaida, kama ng'ombe au farasi, na haukuhitaji kusafiri. Bamba la malaika ni la tembo ambaye huenda aliuawa nyuma ya Adulis. Pembe ya Veroli ni ya wakati ambapo vyombo vya pwani yetu vilikuwa vikiipeleka mali hiyo Oman. Na pembe zilizopita Kanyenye na kengele kwenye ncha zake zimo Connecticut, London na Mumbai, nyingine zikiwa bado zimebandikwa kwenye piano za zamani. Baadhi ya tembo waliosalia wako Rungwa, Ruaha na Swagaswaga, saa chache kutoka Dodoma kwa gari, na kinyesi chao kikiwekwa kwenye kichupa cha maabara kinaweza kusema walikozaliwa.